Kilifi Inayopita Kwenye Printa Yangu

Alhamisi dukani kwangu hapakaliki. Mazishi mengi ya kwetu hufanyika Ijumaa na Jumamosi, kwa hivyo Alhamisi ndipo wafiwa wanapotoka mochari ya Makadara wakapitia kwangu, karibu na Mwembe Tayari, na picha ndani ya bahasha na karatasi ya daftari iliyoandikwa mbiombio. Wanataka picha kubwa ya kubebwa mbele ya jeneza. Wanataka pia wasifu wa marehemu: kijitabu cha kurasa nne, rangi ukurasa wa mbele, ndani maandishi meusi, kimekunjwa katikati na kupigwa pini mbili. Nakala mia moja. Wenye uwezo huagiza mia tatu. Jirani zangu Waislamu hawaniletei kazi hii, maana wao huzika siku hiyo hiyo na hakuna wa kungoja printa. Wateja wangu wa misiba ni watu wa Kilifi ya ndani, ile isiyo na ufuo: Kaloleni, Rabai, Ganze, Bamba, Vitengeni. Nami natoka huko, upande wa Kaloleni, ingawa miaka niliyoishi Mombasa imeshaipita ile niliyoishi nyumbani.

Nasema haya kwa sababu kila nikisikia watu wakizungumzia kuhifadhi historia ya kaunti yetu, mazungumzo huanza kwenye magofu na kuishia kwenye magofu. Gede, Gede, Gede. Sina ugomvi na Gede. James Kirkman alianza kuuchimbua mji ule mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO wakauingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia, na ulistahili. Lakini Gede ina tiketi, ina kibao, ina mlinzi langoni. Mtu aliyekata mkonge Vipingo ujana wake wote hana kibao popote. Alicho nacho ni kurasa nne nilizozichapa mimi, na kufikia Jumatatu nyingi ya nakala hizo zimeshafungia njugu.

Faili zilikuwa zinabaki tu kwenye kompyuta. Sikuwa na mpango wowote nazo. Kisha kuna mteja alirudi baada ya muda mrefu akitafuta wasifu wa shangazi yake, kwa sababu walikuwa na kesi ya shamba na ule wasifu ndio karatasi pekee iliyotaja mahali marehemu alipozaliwa. Nikampata kwenye faili. Tangu hapo naomba ruhusa ya kila familia niweke nakala moja, na karibu wote hukubali. Wengine hushangaa tu kwamba kuna mtu anaitaka.

Ukikaa na vijitabu vingi kwa pamoja, unaanza kuona njia watu walizopita. Wale wazee wakongwe kabisa, ambao siku hizi hawaletwi tena maana wamekwisha, walikuwa hawana mwaka wa kuzaliwa. Kitambulisho kilikuwa na mwaka, ndiyo, lakini huo ulikuwa mwaka wa karani. Familia ilihesabu vingine: mama yake alizaliwa wakati wa njala ya Magunia, ile ya mwishoni mwa karne ya 19, yeye mwenyewe alikuwa anatambaa wakati wa Kondo ya Chembe. Chembe ni Arthur Champion, ofisa Mwingereza aliyetumwa kwa Wagiriama kukusanya kodi na vibarua, na kondo ni vita ya 1914.

Kuna kijana aliniletea wasifu wa bibi yake kutoka upande wa Ganze. Karatasi ilikuwa imejaa, naye alitaka yote yaingie kwenye ukurasa mmoja kwa sababu ukurasa wa pili ulikuwa wa nyimbo. Akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja.

"Dada, toa huu. Hauna maana."

Mstari ulisema familia ya marehemu ilihamia pale kutoka ng'ambo ya mto Sabaki. Nikamuuliza kama anajua kwa nini walihama. Akasema pengine walikuwa wanatafuta malisho.

Basi nikamweleza, kalamu mkononi, huku foleni nyuma yake ikinung'unika. Mwaka 1913 Wagiriama walikula viapo Kaya Fungo, makao yao matakatifu ndani ya msitu, Mekatilili wa Menza akiwa mstari wa mbele pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakikataa kutoa vijana wao kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu. Wote wawili walikamatwa wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi, na Januari 1914 wakatoroka, wakashika njia ya kurudi nyumbani. Agosti ya mwaka huo serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vilipotulia Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000, wakadaiwa vibarua 1,000, wakaamriwa waondoke kaskazini ya Sabaki, yaani ng'ambo ile ile iliyomo kwenye mstari aliotaka niutoe.

Kijana akanyamaza kidogo, akapiga simu. Alikuwa anampigia mjomba wake, na mjomba alizungumza hadi salio likaisha. Aliporudi kwenye kaunta mstari ulikuwa umekuwa miwili, na wimbo mmoja wa tenzi ukapunguzwa ubeti. Mchungaji wao sidhani alilalamika.

Baada ya kizazi hicho, karatasi zinaanza kutaja kazi. Keya, yaani jeshi la mkoloni la KAR, na Burma, kwa wale waliochukuliwa jeshini wakati wa vita vya pili vya dunia. Bandarini Kilindini, na hapo huwa nauliza, alikuwapo kwenye mgomo wa Januari 1947? Mara nyingine mtoto anajua, na anajua hata baba alilala wapi siku zile mji mzima ulipolala. Mara nyingi hajui. Kisha mkonge Vipingo. Kisha kiwanda cha korosho cha Kilifi, ambacho kimelea watu wengi na kilipokufa miaka ya 1990 kikawaacha na magunia ya korosho yasiyo na mnunuzi. Kisha hoteli: Watamu, Malindi, Nyali, mpishi, mtunza bustani, fundi wa bwawa la kuogelea. Siku hizi naletewa vijana wa boda boda, na kurasa zao ni nyeupe sana. Hizo huzichapa haraka, sipendi kuzitazama.

Kurasa za wanawake nazo huwa fupi, na hilo ndilo linaloniudhi kupita yote. "Alikuwa mke mwema na mcha Mungu, alipenda kwaya." Mwanamke wa miaka themanini! Siku hizi nauliza swali moja tu: alifanya nini na mikono yake? Hapo ndipo unasikia kwamba alishona makuti yaliyoezeka nusu ya kijiji, kwamba alikuwa akitoka na matunda saa tisa usiku kuwahi soko la Kongowea, kwamba ndiye aliyekuwa akizalisha wenzake kabla ya zahanati kujengwa. Watoto wake walikuwa wanayajua yote hayo. Hawakudhani ni mambo ya kuandikwa.

Sisemi wasifu ni ukweli mtupu. Wasifu wa marehemu ni karatasi iliyoandikwa na kamati, usiku, watu wakiwa na huzuni na wengine wakiwa na madai. Mke wa kwanza hupotea. Mtoto wa nje hupotea. Mgema hodari wa mnazi, ambaye wazee wote wa Kaloleni walimjua kwa jina la minazi yake, anakuwa "mfanyabiashara" kwa sababu kanisa halipendi tembo. Kazi yangu si kuwasahihisha wafiwa kwenye kaunta. Ninachofanya, kwenye nakala ninayobaki nayo, ni kuambatisha karatasi ndogo: nani aliandika, nani alileta, uhusiano wake na marehemu, tarehe. Akija mtu baadaye na habari tofauti, naye namwandika vivyo hivyo. Sichagui mshindi.

Sasa picha. Hizi ndizo zinazonitoa machozi, kwa uzuri wake na kwa namna tunavyoziua. Hewa yetu ya pwani ni ya chumvi na unyevu. Picha ikikaa kwenye albamu za plastiki zenye gundi, zile zilizoenea miaka ya 1980, inaganda na ukiivuta inaacha sura ya mtu kwenye gundi. Usivute. Pitisha uzi mwembamba chini yake, ule wa kusafishia meno ndio bora, polepole kama unakata ugali. Huko bara mchwa wanamaliza kilichobaki. Na ile iliyotundikwa ukutani mkabala na mlango, jua limeshaipausha. Sanduku la bati la bibi, lile la chini ya kitanda, ndilo makumbusho mazuri kuliko yote niliyoyaona, kwa kuwa ni giza na kavu.

Na tafadhali, msipige laminesheni. Najua mnaipenda, na najua ninajinyima mapato kwa kusema hivi, lakini joto la ile mashine linaipika picha ya zamani na plastiki haitoki tena. Laminisha cheti cha kuzaliwa kama lazima. Picha ya babu iache.

Ninaskani kwa nukta 600 kwa inchi, kwa sababu picha nyingi ni ndogo kama kitambulisho na mtu anataka ukubwa wa ukuta. Nahifadhi faili nzito isiyobanwa, na nyepesi kwa simu. Nikimtumia mtu kwa WhatsApp naituma kama faili, maana ukituma kama picha ya kawaida inabanwa hadi macho ya mtu yanakuwa vidoa. Nina diski mbili, moja dukani, moja nyumbani Mikindani. Ni hayo tu, hakuna uchawi.

Studio za mjini zilikuwa zikipiga muhuri nyuma ya picha, na muhuri huo husaidia kukisia mwaka. Wapiga picha wa pale feri ya Likoni nao walikuwa na vibanda vyenye pazia zilizochorwa meli na ndege. Ukiona pazia la namna ile, unajua marehemu alishuka mjini siku moja na nguo mpya na akataka nyumbani wajue. Lakini muhuri haukwambii huyu ni nani. Nyuma ya picha nyingi hakuna jina. Waliomo walijuana, waandike ya nini?

Nitaeleza kwa nini jina limenishika namna hii.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia wa Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee wa Kigiriama, Kalume Mwakiru, amesimama karibu na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Kwa asiyejua: kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa, husimikwa kwa ajili ya mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, aliyefariki, na ikishasimikwa haihamishwi. Inaachwa ioze pale pale. Muda mfupi baada ya picha ile vigango vyote viwili viliibwa. Miaka ikapita, na huko Marekani Udvardy akaonyeshwa picha za mkusanyo wa makumbusho, akakitambua kimoja. Kilikuwa Illinois. Cha pili kikapatikana chuo kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 kigango cha Illinois kilirudishwa kijijini. Mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki, lakini familia ilikuwapo, na mahali kilipong'olewa palijulikana.

Kilirudi kwa sababu kulikuwa na picha, na picha ilikuwa na jina la mtu, jina la mahali na mwaka. Wizi haukuishia kwenye vile viwili. Mamia ya vigango viliishia kwenye makumbusho ya Marekani na kwenye kuta za matajiri. Makumbusho ya Denver yaliamua kurudisha 30, vikafika Kenya 2019 baada ya miaka ya mvutano wa ushuru na makaratasi. Makumbusho ya jimbo la Illinois yakarudisha 37 mwaka 2023. Nilifurahi, nani asingefurahi? Lakini wauzaji hawakuandika walimng'olea nani, boma gani, mbari gani. Vikifika hapa, unampigia nani simu? Kigango kisicho na jina kimerudi Kenya tu, na kutoka Nairobi hadi kwenye boma lake safari bado ni ndefu kuliko ile ya kuvuka bahari.

Ndiyo maana picha ikija kwangu, kabla sijaigusa kwa skana, naigeuza nyuma nauliza. Huyu nani? Wa mbari gani? Hapa ni wapi, mbele ya nyumba ya nani? Nani amekuambia? Naandika kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza; kalamu ya wino hupenya mbele. Wateja wapya hudhani ni mambo ya upelelezi. Wa zamani huja wameshaandika.

Lakini jina hilo hilo linaweza kuleta mwizi. Picha ya kigango ambacho bado kimesimama, yenye jina la kijiji na simu iliyojiandikia yenyewe mahali ilipopigwa, ni ramani kwa anayetaka kuiba. Kwa hiyo vitu hivyo naviweka kwa jina kamili kwenye diski na sivionyeshi popote. Mwenye boma akitaka nakala yake, ni yake. Makaya nayo ni hivyo hivyo. Serikali ilianza kuyatangaza kuwa turathi za taifa mwaka 1992, UNESCO wakayaingiza kwenye orodha yao 2008, na mwaka uliofuata mila zake zikawekwa kwenye orodha ya zile zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Watu wa kwetu wanayaonea fahari, vijana wanataka kupiga video. Video ya msitu, ngoma, mzee anayeeleza safari ya kutoka Singwaya, chimbuko letu, sawa, kama wazee wamekubali. Mahali pa fingo, ile kinga ya kaya iliyozikwa ardhini, hapana. Kuna mambo yaliyohifadhiwa miaka yote hii kwa kutosemwa, na mimi mwenye printa sioni ni nani aliyenipa ruhusa ya kuanza kuyasema.

Na kuna jambo jingine ambalo wenye semina hawapendi kulitaja. Alikuja mzee mmoja kupiga picha ya pasipoti, mtu mzima wa heshima, nikamwita baba, nikampa kiti. Nilipomwonyesha picha kwenye skrini akainama karibu nami akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hizi nywele, unaweza kuzitia weusi?" Nikacheka, nikidhani anataka ujana. Hakucheka. Kwao, alisema, mzee mwenzake alikatwa kwa panga na vijana wa ukoo wake kwa madai ya uchawi, na shamba lake likagawanywa. Mvi zimekuwa ushahidi. Wazee wanapaka rangi nyeusi kichwani wasionekane wazee. Huko Ganze kuna kituo, Kaya Godoma, ambako wazee waliokimbia nyumba zao wamepewa hifadhi.

Sasa niambieni, huyo ndiye tunayemfuata na kinasa sauti tukimwambia, baba, tusimulie ya kale? Mzee anayeonekana anajua mengi ndiye anayeogopewa. Watu wazima wengi wa bara wamejifunza kujifanya hawakumbuki. Wale wanaotaka kweli kuhifadhi historia ya Kilifi waanze kwa kuwahifadhi wenye historia, wapewe polisi wanaokuja wakiitwa na mahakama zinazomaliza kesi. Hati za shamba nazo ziandikwe mapema, kabla mtu hajazeeka, kwa sababu mara nyingi uchawi ni jina la pili la ekari. Picha ya yule baba nilimpigia upya kwa mwanga mkali kidogo. Sikuzipaka rangi, pasipoti ingekataliwa. Alikubali.

Karatasi za serikali na za misheni zipo, zipo mbali tu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844, mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine hapa, na 1846 akafungua kituo Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Barua na shajara zao zimehifadhiwa Uingereza, katika chuo kikuu cha Birmingham. Ripoti za madisii (wakuu wa wilaya) wa kikoloni ziko Nairobi, kwenye Nyaraka za Taifa, katika lile jengo lililokuwa benki, na nakala zake za filamu ziko chuo kikuu cha Syracuse, Marekani. Mtoto wa Rabai mwenye shauku na babu yake atahitaji visa. Katiba ya 2010 inaziweka maktaba na makumbusho miongoni mwa kazi za kaunti, imeandikwa kwenye Jedwali la Nne, na kaunti zimekuwapo tangu 2013. Sisemi zaidi. Wasomaji wangu wa Kilifi wanajua wenyewe maktaba iliyo karibu nao iko kilomita ngapi.

Ninayoyafanya mimi ni madogo, na nayaeleza kwa kuwa watu huniuliza. Ukurasa wa nyuma wa kijitabu, ambao zamani uliachwa mtupu au ukajazwa waridi la kompyuta, sasa naomba familia inipe picha moja ya zamani yenye watu wengi. Naichapa na majina chini yake, na pale jina lisipojulikana naacha alama ya kuuliza. Hangani, yaani matangani, watu wana muda. Wanakaa chini ya mwembe tangu asubuhi, kijitabu mkononi, wimbo haujaanza. Alama ya kuuliza haimalizi saa moja bila kupata mwenyewe. Naletewa majibu kwa simu, kwa ujumbe wa sauti, hata kwa kijitabu kilichorudishwa na makonda wa matatu kikiwa na mishale ya kalamu. Hawe mmoja, yaani bibi, alimtambua msichana wa pembeni kuwa ni yeye mwenyewe, na hakuwa amewahi kuiona picha ile maishani. Tumemtengenezea nakala.

Picha yake ilizua ugomvi mdogo, kwa kuwa kwenye ile picha wasichana wamevaa hando, sketi yetu ya asili, kifua wazi, kama walivyovaa siku hizo. Mjukuu wake, ambaye ameokoka, alitaka nikate ibaki sura tu. Hawe mwenyewe akasema akatwe huyo mjukuu. Nilitoa mbili: ya ukuta imekatwa, ya sandukuni nzima. Kwenye diski iko nzima, na hapo sisikilizi mtu.

Sauti nazo nimeanza. Nikienda nyumbani wikendi nachukua simu na kipaza sauti cha kubana kwenye nguo, narekodi kwa Kigiriama, maana ukimlazimisha mzee aseme Kiswahili anakusimulia kama anajaza fomu. Naandika muhtasari wa Kiswahili kwa ajili ya watoto wa mjini. Nakala moja naipeleka kwa familia kwenye kadi ya kumbukumbu, wanaitia kwenye redio ndogo, ile ile ya nyimbo za kwaya, na jioni wanamsikiliza mzee wao pale pale alipoketi akizungumza. Wanambishia pia. Mara nyingi mabishano ni bora kuliko simulizi lenyewe, hivyo sasa nayarekodi hayo nayo.

Hivi sasa nina picha mezani inayonisumbua. Ni feri ya Kilifi, kabla ya daraja la 1991, imebeba basi na watu wamejipanga ubavuni, wanaume watano na mwanamke mwenye kikapu. Mwanamume wa tatu anadaiwa na familia mbili. Moja ya Chonyi inasema ni baba yao aliyekuwa utingo wa basi lile; nyingine ya Jibana inasema ni mjomba wao aliyekuwa akienda kiwandani. Zote mbili zina mashahidi, na shahidi mmoja ameniambia nikiandika jina la wale wengine hatanisalimia tena. Nimeandika majina yote mawili, na chini ya kila moja nani kasema. Mwanamke mwenye kikapu hajadaiwa na mtu yeyote. Nimewauliza wanunuzi wa korosho, nimemuuliza mchuuzi wa samaki aliyekuwa akivuka kila siku, hapana.

Ukiwa na picha yoyote ya feri ile, au ya mkongeni, au ya shule yenu ya misheni na viti mbele, ilete. Skani silipishi kwa picha ya kabla ya daraja, kwa sharti kwamba uje na mtu mzima anayewajua waliomo, na asiwe na haraka. Chai inauzwa mlango wa pili, ila hiyo mtalipa wenyewe.